Garimoshi Nyuma ya Ukuta

Mgeni hakubisha hodi. Aliingia kwa mlango wa nyuma wa ukumbi wa zamani wa sinema, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akaufunga mlango kwa mgongo na kushusha pumzi. Nje, kichochoroni, fundi cherehani alipita mbio na mkasi wake, akimuuliza kila aliyekutana naye kama amemwona mtu mrefu mwenye tabasamu.

Fundi alikuwa na haki yake. Asubuhi ile alinunua pasi isiyokula umeme, akaipeleka dukani kwake, akagundua kwamba kweli haikula umeme, maana ndani yake hamkuwa na kitu chochote cha kuula. Aliyemuuzia hakusema uongo hata neno moja. Kwa hilo mgeni wetu alijionea fahari. Uongo, alipenda kusema, ni kazi ya watu wavivu.

Kila mji alikopita, watu walimwita Shemeji. Hakuwa na mke, wala dada aliyeolewa, wala ndugu anayejulikana. Lakini akikaa na mtu kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, mtu huyo alijikuta amekuwa shemeji yake, na shemeji hanyimwi kitu.

Sasa, akiwa ameinama kuvaa kile kiatu cha mkononi, Shemeji alisikia garimoshi.

Halikuwa mbali. Lilikuwa humo humo ndani ya nyumba. Lilianza kwa kukwaruza polepole, cha, cha, cha, likashika kasi, likapiga honi ndefu iliyomsimamisha nywele, na likawa linakuja upande wake. Mtu aliyekwisha kuwakimbia askari, wadai na baba za wachumba alijitupa chini kati ya viti, akafunika kichwa, akaanza kutubu kwa haraka. Alianza na makosa madogo madogo, ili aone kwanza yatapokelewaje.

Garimoshi likapita bila kumgusa. Nyuma yake ikaja radi, kisha farasi, kisha kabati zima la vyombo likaanguka na kuvunjika, na mwisho kabisa akalia ndege. Ila ndege huyo alilia kama birika lenye mafua.

"Wewe uliye chini ya viti," ikasema sauti ya mwanamke, "kama umekuja kukata tiketi, umechelewa sana. Picha ya mwisho imeisha zamani."

Shemeji akainua kichwa. Chini ya jukwaa, mbele ya kitu kama meza kubwa ya ofisi iliyoota meno, alikuwa amekaa bibi mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Meno yale yalikuwa vibao vya kinanda, safu juu ya safu, na pembeni mwake vilijipanga vipini vya kuvuta, kila kimoja na kibandiko chake: RADI, FARASI, VYOMBO, TRENI, NDEGE.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba. Unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu, mama. Natembea upesi tu, na kwa bahati kuna mtu nyuma yangu."

Bibi akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu ambaye hajapata wa kucheka naye kwa muda mrefu. Akamsogezea kiti. Basi Shemeji akakaa, na Bibi akamweleza, kama mama anavyoeleza habari za watoto wake kwa mtu aliyeuliza kwa adabu tu.

Zamani picha hazikuwa na sauti. Watu kwenye pazia walichezesha midomo kama samaki, na kinanda hiki ndicho kilichowapa kila kitu: vilio, harusi, vita, mvua. Mashine ya umeme iliyo chini ya jukwaa ilisukuma upepo hadi chumba cha nyuma ya ukuta, na humo ndimo yalimosimama mabomba, mengine marefu kama nguzo za umeme, mengine madogo kama kalamu. Katikati ya mabomba waliweka vichezeo. Garimoshi lilikuwa mbao mbili zenye msasa zinazosuguana, na filimbi kubwa ya kumalizia. Farasi walikuwa vifuu. Vyombo vilikuwa sanduku la sahani za bati zinazopinduliwa. Kulikuwa na fuawe na nyundo yake, na kengele ya mlango.

"Na ndege?" akauliza Shemeji.

"Ndege ni vibomba vitatu vilivyopinduliwa, vichwa chini, ndani ya bakuli la maji. Upepo ukipita kwenye maji ndipo sauti inapotetemeka, ukadhani yuko tawini. Bakuli limekauka. Magoti yangu hayapandi tena ile ngazi. Sasa anakohoa tu, maskini."

"Ndilo hilo tu? Mama, kabla sijaondoka mji huu, ndege wako atakuwa amekunywa maji. Nakuahidi."

Ahadi za Shemeji zilikuwa kama mayai ya samaki: nyingi mno, na mzazi wake hakai kuyalea. Alikwisha kuisahau hii kabla hajafunga mdomo. Bibi, ambaye hakumjua, alimshukuru.

Ndipo Shemeji alipoona msalaba mwekundu. Ulikuwa umepakwa rangi kwenye ukuta wa mbao uliofunika chumba cha mabomba, mkubwa, wa haraka, rangi imechuruzika.

"Nani kakuchafulia ukuta?"

"Hiyo ni alama ya Mzee Sumaku," akasema Bibi, "yule wa chuma chakavu. Ukumbi ni wa mtoto wa kaka yangu, naye kamuuzia mabomba yote. Bati na risasi, wanasema vinayeyuka vizuri. Keshokutwa wanakuja kuyang'oa."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyoelezea vifuu. Kisha akaitazama mikono yake iliyokuwa juu ya vibao.

"Nimekipiga kinanda hiki tangu msichana. Picha ziliisha, watazamaji wakaisha, mume wangu naye akaisha. Nikaendelea kupiga. Kikiisha na hiki, sijui mikono hii nitaiweka wapi."

Shemeji hakupenda mazungumzo ya aina hiyo. Yalimkera mahali fulani chini ya shati. Akayahamishia kwenye biashara.

"Na hiyo alama haifutiki?"

"Inafutika kwa mkono wake tu. Watu wa chuma hawana karatasi, mwanangu. Wana alama. Ukishapaka, kitu ni chako, hata kikilala barabarani hakuna mwenzako atakayekigusa. Na ukiifuta mwenyewe, umeachia moja kwa moja. Anayefuta leo na kupaka tena kesho, huyo kazi kwisha. Hauziwi hata msumari."

"Na huyu Sumaku, ana nini?"

"Ana tamaa."

"Hiyo nimeisikia kwenye jina. Nauliza, ana nini cha kubebeka?"

Bibi akafikiri. "Ana pikapu nyekundu. Anaijaza nyaya za shaba. Juzi imepita hapa matairi yanalia."

Shemeji akafumba macho kidogo, kama mtu aliyetajiwa jina la mpenzi wa ujanani.

"Mama," akasema, "lile garimoshi. Hebu lipige tena."

*

Mzee Sumaku alikuwa mtu wa kugonga. Kiunoni alining'iniza kinyundo kidogo, na hakununua kitu kabla hajakigonga na kusikiliza kilivyojibu: majembe, injini, masufuria, geti la kanisa, na safari moja, kwa mazoea tu, paji la uso la mkwe wake. Mkewe, ambaye watu walimwita Mama Mizani, alikaa mlangoni pa yadi akipima walicholeta watu. Hakuzidisha wala kupunguza, si uzito wala maneno.

"Shemeji!" akaita Shemeji kutoka getini, mikono imefunguliwa.

"Mimi ni shemeji yako kwa nani?" akauliza Mzee Sumaku.

"Bado hatujaamua. Lakini tukimaliza biashara hii utanitafutia dada mwenyewe."

Kisha akamshika bega, akamvuta hadi nyuma ya rundo la redieta, akamnong'oneza. Nyuma ya ukumbi wa sinema wa zamani kuna banda. Banda lina ukuta, ukuta una mlango wa chuma, mlango una kufuli, na ufunguo umepotea pamoja na wakubwa waliojenga. Ndani ya banda wakubwa hao walisahau kitu.

"Kitu gani?"

"Kichwa cha treni. Kizima. Mafundi wake wamekitunza kimya kimya, na kinawaka hadi leo. Sasa wamechoka. Wanataka kitoke kabla mtu hajaanza kuuliza maswali."

Kinyundo kikamponyoka Mzee Sumaku, kikaangukia kidole chake cha mguu, naye hakusikia maumivu.

"Nikakione."

"Aa! Hapo ndipo watu wanapoharibu." Shemeji akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyewazika wengi. "Shemeji, ukikiona, tayari wewe ni shahidi. Siku ukiulizwa, 'Ulikiona?', utasemaje? Ukisema ndiyo, umekwisha. Ukisema hapana, umedanganya, na wewe ni mtu mzima mwenye heshima zako. Lakini ukikisikia tu... Umewahi kuona mtu amefungwa kwa kusikia?"

Mzee Sumaku akafikiri. Alikuwa na ndugu kadhaa waliofungwa, kwa sababu mbalimbali za kuvutia, na ni kweli, hakuna hata mmoja aliyefungwa kwa kusikia.

"Mizani ina mawe," Mama Mizani akasema kutoka mlangoni, bila kugeuka. "Masikio hayana."

"Mke wangu ana mzaha," akasema Mzee Sumaku. "Twende tukasikie."

*

Mpango aliopanga na Bibi kabla ya kwenda yadini ulikuwa rahisi, na mipango rahisi ndiyo iliyowamaliza wajanja wengi. Chumba cha mabomba kilipakana na kichochoro. Kule nje ukuta ulikuwa na mlango wa chuma uliofungwa tangu enzi, na juu yake tundu la kupitishia hewa. Shemeji angesimama hapo na mnunuzi. Bibi angekaa kwenye kinanda ndani. Shemeji akigonga mlango mara moja, garimoshi liwake. Mara mbili, lipige honi. Mara tatu, linyamaze.

"Na nikisikia zaidi ya hapo?" Bibi aliuliza.

"Hutasikia zaidi ya hapo, mama."

Ndivyo alivyosema. Kisha akaenda kukaa na Mzee Sumaku sehemu nzuri ya asubuhi, akaona kila kitu mwilini mwake chenye thamani, na kile kinyundo kiunoni hakukitilia maanani hata kidogo.

Mchana ule Shemeji, Mzee Sumaku na mkewe walisimama mbele ya mlango wa chuma. Ng'ambo ya kichochoro kinyozi alikuwa akimnyoa mtu huku redio ikiimba. Shemeji akagonga mara moja.

Cha. Cha. Cha, cha, cha.

Mzee Sumaku akamshika mkewe mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya harusi. Nyuma ya ukuta mnyama mkubwa wa chuma alikuwa akipumua. Shemeji akagonga mara mbili. Honi ikalia, ndefu, nzito, na mteja wa kinyozi akapoteza sehemu ya ndevu ambayo hakuwa ameagiza. Machozi yakamlengalenga Mzee Sumaku. Na pale, katika furaha yake, mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya mbele ya chuma chochote kizuri: ukachomoa kinyundo, ukaanza kugonga mlango.

Ngo. Ngo-ngo. Ngo, ngo, ngo, ngo.

Ndani, Bibi akasita. Hesabu hiyo hakufundishwa. Lakini maisha yake yote alikuwa amepiga kinanda kwa kufuata watu wanavyochemka, na watu hawa, ilikuwa dhahiri, walikuwa wakichemka sana. Akavuta FARASI.

"Hao ni farasi?" akauliza Mzee Sumaku.

"Wavuta makaa, shemeji," akasema Shemeji, jasho la kwanza likimtoka. "Makaa hayaendi yenyewe. Naomba usigonge."

"Mkono tu, mkono." Ngo-ngo-ngo.

Kabati zima la vyombo likaanguka.

"Na hicho?"

"Mafundi wamemaliza kula."

"Wanavunja sahani?"

"Kazi ya siri hiyo, shemeji. Sahani isiyovunjwa itakuja kutoa ushahidi. Nimekuomba, hicho kinyundo..."

Ngo. Ting-tong, ikalia kengele ya mlango, laini, kama mgeni mwenye maua.

Hata Shemeji alihitaji kuirekebisha kola yake kwanza.

"Behewa la daraja la kwanza," akasema.

"Behewa!" Mzee Sumaku akamkamata kola. "Kuna na behewa?"

"Nilitaka nikushtukize mwishoni. Sasa umeniharibia."

"Shemeji yangu! Ndugu yangu!" Na kwa upendo akaugonga mlango tena, pigo moja kubwa, na ndege akalia. Khi. Khi-khi-khi. Khiii.

"Hiyo sijaijua," akasema Mzee Sumaku.

Shemeji akafungua mdomo kutafuta jibu, na la kwanza lililokuja lilikuwa ukweli mtupu, uliopita kwenye koo lake kwa shida kama kipande cha mfupa. "Kuna kitu kimekauka huko," akasema. "Kinadai maji."

Mama Mizani aliweka kiganja ukutani.

"Treni hii haitikisi ukuta."

Shemeji akagonga upesi, mara nyingi kadiri alivyoweza, akiomba Bibi aelewe. Bibi alielewa. Akavuta RADI. Mabomba makubwa kuliko yote, yale yanayosikika tumboni kabla hayajafika masikioni, yakanguruma kwa pamoja. Vumbi lilimwagika kutoka kwenye paa, kofia ya Mzee Sumaku ikacheza kichwani, paka wawili wakahama kichochoro, na kinyozi akatoka nje na wembe mkononi kuuliza kama dunia imefika kituo cha mwisho.

"Inatosha, mama?" Shemeji akamuuliza Mama Mizani kwa upole.

Na hapo umeme ukakatika.

Balbu ya kinyozi ikazimika. Redio ikanyamaza katikati ya neno. Na nyuma ya ukuta garimoshi, farasi, radi na daraja la kwanza vikashuka pamoja, uuuuoooh, kama mzee anayekaa chini baada ya safari, vikanyamaza.

Mama Mizani akaitazama balbu, kisha akautazama ukuta.

"Na treni nayo?"

"Dereva ana adabu," akasema Shemeji. "Redio imenyamaza, mtaa umenyamaza, yeye aendelee kupiga makelele peke yake? Si watajua?"

"Treni ya umeme wa nyumbani," akasema Mama Mizani.

"Mke wangu," akasema Mzee Sumaku, macho yake bado yakiwa mbali, juu ya reli, "mambo ya injini niachie mimi. Wewe shika mizani yako."

Wako wanaume waliopoteza nyumba kwa kamari, na wengine mashamba kwa pombe. Ila kwa kauli moja fupi iliyosemwa mbele ya kinyozi, Mzee Sumaku alishika nafasi nzuri kati yao.

"Sawa, baba watoto," akasema Mama Mizani. Akafunga mtandio wake vizuri, akaondoka taratibu kuelekea nyumbani, kama mtu aliyekumbuka kitu kilichobaki kabatini.

Mapatano hayakuchukua muda. Pikapu na shaba yake kwa Shemeji. Garimoshi na behewa lake kwa Mzee Sumaku. Jambo moja dogo tu lilibaki.

"Mle ndani kuna bibi," akasema Shemeji. "Anasikia kila kitu. Anajua kila kitu. Tumnyamazishe kwa kumwachia vibomba vyake. Vya nini kwako? Umepata treni, utahangaika na filimbi?"

Kwa nini aliongeza hilo, Shemeji mwenyewe hakujua. Halikumpa faida. Alijiambia ni ufundi wa kazi, kwamba biashara nzuri huwa na pindo lililoshonwa.

Mzee Sumaku akaingia ukumbini, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa na kuusugua msalaba wake kwa mkono wake mwenyewe hadi mbao zikabaki na wekundu hafifu kama shavu la mtu mwenye haya. Kinyozi alisimama mlangoni kama shahidi. Bibi alikaa kwenye kinanda, na hakuthubutu hata kusafisha miwani. Kisha Mzee Sumaku akatoka nje, akapaka msalaba mkubwa kuliko yote ya maisha yake kwenye mlango wa chuma, akamkabidhi Shemeji ufunguo wa pikapu, akamkumbatia, na kwenda kwa miguu kutafuta winchi.

*

Pikapu ilisimama kivulini, mkia umelala kwa uzito wa shaba. Shemeji akaingia, akafunga mlango, akanusa kiti. Mbele yake barabara ilikuwa nyeupe na wazi. Akaingiza ufunguo.

Umeme ukarudi.

Redio ya kinyozi ikamalizia neno lake. Mashine ya chini ya jukwaa ikavuta pumzi, upepo ukapanda, na kwa kuwa Bibi, katika mshangao wake, hakuwa amerudisha kipini cha mwisho, kutoka kwenye tundu la ukuta ikasikika: Khi. Khi-khi. Khiii.

"Kohoa tu," akasema Shemeji, akiuzungusha ufunguo.

Khi.

Injini ikawaka. Akaisikiliza. Akaizima.

"Upuuzi," akauambia usukani. Akashuka.

Bibi alishtuka kumwona. "Bado upo? Nenda, mwanangu! Watu si wajinga siku nzima."

"Ngazi iko wapi?"

"Ngazi ya nini?"

"Na jagi."

"Achana na ndege wewe! Amezoea kiu. Umeniokolea mabomba yote, ndege ni nini?"

"Mama," akasema Shemeji, naye alikuwa amekasirika kweli, ila hakujua amkasirikie nani, "nimewahi kudaiwa na wanaume, na wanawake, na benki. Sijawahi kudaiwa na ndege. Najisikia vibaya. Jagi liko wapi?"

Akajaza jagi kwenye bomba la nyuma ya jukwaa, akapanda. Chumba cha mabomba kilikuwa chembamba na chenye joto, kinanuka mbao, ngozi na vumbi la watu waliokwisha kwenda. Mabomba yalisimama kimya pande zote kama umati uliompisha njia. Aliviona vifuu, vidogo kuliko alivyodhani. Aliziona zile mbao za msasa, garimoshi zima aliloliuza, zingetosha kwenye kikapu cha sokoni. Juu kabisa, kwenye rafu, palikuwa na bakuli la shaba lenye mstari mweupe mahali ambapo maji yaliishia zamani, na juu yake vibomba vitatu vimeinamisha midomo.

Akaanza kumimina, polepole, ili asivisukume.

Nje injini ikakohoa, ikawaka.

Shemeji akatabasamu. "Mama!" akaita chini. "Hiyo ya gari ni kali! Mbona hukuipiga kwa Sumaku?"

Injini ikaunguruma tena.

"Mama?"

"Mwanangu," ikaja sauti ya Bibi kutoka chini, ya upole sana, "kinanda hiki ni cha zamani. Hakina gari."

Tundu la hewa lilikuwa karibu na uso wake. Kupitia humo aliiona pikapu nyekundu ikirudi nyuma kwa uangalifu katika kichochoro chembamba, na nyuma ya usukani mtandio alioufahamu. Ufunguo wa akiba uling'inia na kibati kidogo cha mizani.

"Shemeji!" Mama Mizani akaita, maana alikuwa ameona macho tunduni. "Ahsante kwa kuniwekea kivulini!"

"Mama, shikamoo! Subiri tuzungumze!"

"Marahaba. Sisubiri. Na hayo mabomba ni ya huyo bibi. Mume wangu kafuta mwenyewe, kafuta. Kuyataka sikuyataka tangu mwanzo."

"Na treni? Mzee ameenda kuleta winchi!"

"Mwache ailete," akasema Mama Mizani, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Nitakuja na kiti."

Mwisho wa kichochoro mkokoteni wa mkaa ulikuwa umeziba njia, na mwenyewe hakuwa na haraka. Pikapu ikasimama. Shemeji aliiona nafasi. Hakuna nafasi aliyowahi kukosa kuiona. Kuruka ngazi, mlango wa nyuma, hatua chache hadi kwenye dirisha la pikapu, na hapo ni mdomo tu. Kwa mdomo huo aliwahi kumtoa mtu kwenye nyumba yake mwenyewe, na mtu akamwomba radhi kwa kuchelewa kutoka.

Akatazama bakuli. Maji yalikuwa yamefika nusu. Midomo ya vibomba ilikuwa juu yake, karibu kugusa, bado haijagusa.

Kule nje mwenye mkokoteni akaanza kusogea.

Shemeji akainamisha jagi. Alimimina taratibu, maji yakapanda, yakaufikia ule mstari mweupe, na alipotikisa tone la mwisho akasikia pikapu ikibadilisha gia na kuingia barabarani, na mlio wake ukapungua kidogo kidogo hadi ukawa kitu cha watu wengine.

Ndege akaimba.

Alianza kwa woga, kipovu kimoja, viwili. Kisha sauti ikalainika, ikatetemeka, ikapanda hadi darini, ikajaza viti vyote vitupu vya ukumbi. Bibi hakugusa kitu. Aliiondoa mikono kwenye vibao, akaiweka mapajani, mmoja juu ya mwingine, ikatulia hapo.

"Amekunywa?" akauliza Shemeji kutoka juu.

"Amekunywa, mwanangu."

Na kichochoroni fundi cherehani, aliyekuwa akirudi na mkasi wake baada ya kuzunguka mji mzima bure, akasimama kwenye mlango wa nyuma ulioachwa wazi, akainua kidole kuwanyamazisha waliokuwa wakipita, akasikiliza.